Uzoefu wangu wa kucheza hadithi kwa posti: miezi 18, michezo minne, mmoja tu uliofika mwisho

Nilianza kwa sababu ya arosto. Waliokulia kwenye nyuzi za hadithi za JamiiForums hawahitaji kuelezwa: mkuu anashusha sehemu ya kwanza hadi ya tisa kwa siku mbili, mnamsifia, mnakaa siti za mbele, kisha anapotea, na wewe kila asubuhi kabla hujapiga mswaki unachungulia kama mwendelezo umeletwa. Siku moja nikamlalamikia binamu yangu kwamba bora hadithi ingekuwa yetu sote, kila mtu na mhusika wake, tungejimalizia wenyewe. Akanishangaa. "Hicho kitu kipo, na watu wanakicheza toka hujazaliwa."

Kwa Kiingereza huitwa play-by-post. Ni michezo ya kuigiza ya mezani, ya ukoo wa Dungeons & Dragons uliotoka Marekani mwaka 1974, ila badala ya watu kukaa meza moja jioni nzima, wanaandikiana. Mwendesha mchezo anaeleza mahali na hali. Kila mchezaji anaandika mhusika wake anafanya nini na anasema nini, anaishia hapo. Penye mashaka, kama ukuta unapandika au mlinzi anadanganyika, inarushwa dadu. Mwendesha anaeleza kilichotokea, zamu zinaanza upya. Na binamu hakukosea kuhusu umri wake: mwaka 1970 Mmarekani Rick Loomis alikuwa tayari anaendesha mchezo wa vita kwa barua za posta, wachezaji wanatuma amri kwenye bahasha na kusubiri. Mimi kilinikumbusha daftari la babu. Alikuwa akikata gazetini mashairi ya kujibizana na kuyabandika: huyu anauliza wiki hii, yule wa Tanga anamjibu wiki mbili mbele, na babu katikati hana raha.

Kujiunga ni bure karibu kila mahali. Kanuni nazo hazikunigharimu: Januari 2023 Wizards of the Coast, kampuni inayoutoa mchezo huo, waliziachia kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu yeyote kuzitumia bure, PDF ya kurasa zaidi ya 400. Nilizisoma zote. Usifanye hivyo. Soma jinsi ya kumuunda mhusika na jinsi dadu inavyorushwa: unarusha ile ya pande 20, unaongeza alama za mhusika wako, ukifikia namba aliyoiweka mwendesha umefaulu. Mengine utayakuta njiani, na wenzako wanapenda sana kumfundisha mgeni. Dadu zenyewe zinarushwa na jukwaa, namba inaganda kwenye posti yako na huwezi kuifuta, kwa hiyo hakuna wa kumwambia mwenzake kwamba ilitoka 19 ikaangukia chini ya kabati.

Nikatuma maombi kwenye mchezo mmoja wa Wamarekani, jukwaa la Kiingereza. Nilihofia Kiingereza changu cha shule ya kata. Hakuna aliyejali. Walichojali ni kama nitaweza kuandika mara moja kwa siku, na kama mhusika wangu ana sababu ya kutembea na wenzake. Mhusika wangu alikuwa mwindaji anayeitwa Kito, anayemtafuta kaka yake. Tofauti ya saa, ambayo niliiona kikwazo, ikawa baraka: New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao na saba wakati wa joto, kwa hiyo nikiposti saa tatu usiku kwao ni mchana, nalala, na nikiamka hadithi imesogea.

Sasa posti yangu ya kwanza. Mwendesha alikuwa ameandika mistari mitano: daraja la kamba linayumba juu ya korongo, ng'ambo amekaa mtu aliyefunika uso, na miguu yake haigusi ardhi. Basi.

Nikaandika maneno kama 600. Kito akavuka kwa ujasiri. Wenzake wakamfuata huku wakitetemeka. Akamfunua yule mtu uso, akamkuta mzee, mzee akaangua kilio na kueleza kwamba amelaaniwa na mganga wa kijiji cha jirani. Niliweka hadi upepo na harufu ya majani. Nikaisoma mara tatu, nikajipongeza, nikalala.

Siku mbili kimya. Nikadhani nimewatisha kwa kipaji. Siku ya tatu mwendesha akaniandikia faragha, kwa upole kabisa. Alisema umeandika vizuri, lakini hukutuachia kazi. Mzee ni wangu mimi, kilio chake na laana yake ni vyangu. Na umeandika kwamba wenzako walitetemeka, umewauliza? Woga wa mhusika ni mali ya mwenyewe. Akaomba niifute, niandike mpya, fupi, na nimalizie mahali ambapo mtu mwingine atapata pa kushika.

Niliona aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka nainamisha kichwa. Nikaandika hivi, nimeitafsiri: Kito anakanyaga ubao wa kwanza. Ubao unalia. Anasimama hapo hapo, hageuki, ananyoosha mkono nyuma na kunong'ona, "Nani ana kamba?"

Ndani ya saa moja kulikuwa na majibu matatu. Mmoja alikuwa na kamba. Mmoja alikuwa nayo lakini akakataa kuitoa, kwa sababu mhusika wake hamwamini Kito. Wa tatu akamwita yule wa ng'ambo kwa sauti kubwa na kuharibu mambo yote. Maneno yangu hayakufika 30 na yalifanya kazi ambayo 600 yalishindwa. Kwenye kundi letu la sasa tunaita hiyo kuacha mpini, na mtu akiposti jambo zuri lisiloshikika tunamwandikia neno moja tu: "Mpini?"

Mchezo ule ulikufa wiki ya sita. Mwendesha alipotea bila kuaga, kama mkuu wa JamiiForums, na nikarudi kwenye arosto ile ile niliyoikimbia, safari hii kwa Kiingereza. Wa pili ulikufa mapema zaidi: tulikuwa wachezaji wanane, kila mmoja anamsubiri mwenzake, mpaka ukawa uzi wa watu wanaoulizana kama mchezo bado upo. Hili ndilo doa kubwa la mambo haya na sitaki mtu aingie bila kulijua. Michezo inakufa, na inakufa kimyakimya. Siku hizi kabla ya kuomba nafasi natazama vitu vichache: je, kisa ni kidogo chenye mwisho unaoonekana, au ni cha kuokoa dunia nzima? Wachezaji wanne au watano, au umati? Na nasoma posti za zamani za mwendesha kwenye michezo mingine. Anayeandika kidogo kila siku namwamini kuliko anayeandika kurasa tano mwezi huu na nusu ukurasa mwezi ujao. Mchezo wangu wa tatu niliuchagua hivyo, kisa cha nyumba moja tu na usiku mmoja tu, tukaumaliza kwa miezi minne. Usiku mmoja, miezi minne. Ndio mwendo wake.

Vita ndivyo vinavyochosha. Mezani pambano la mbwa mwitu watatu ni nusu saa. Kwetu lilikula wiki tano, kwa sababu kanuni zinataka kila mtu angoje zamu yake kwa mpangilio wa dadu, na mwenye zamu yuko safarini Chicago. Mwendesha wa mchezo wa tatu alikuwa na dawa yake: sisi wote tunaandika kwa mpangilio wowote, aliyewahi kawahi, kisha maadui wote wanajibu kwa pamoja. Pia alitufundisha kuandika kwa masharti. Mlango ukifunguka, narusha mshale. Usipofunguka, nabaki nimejificha. Sentensi moja ya hivyo inaokoa siku mbili za kuulizana.

Kwa mfuko wa kwetu, hiki ni mojawapo ya vitu vichache vya mtandaoni visivyokula bando. Ni maandishi matupu. Sihitaji kamera, kipaza sauti wala kasi. RPoL, kwa mfano, ni jukwaa la maandishi lenye dadu zake humo humo, na linafunguka hata kwenye simu ya kawaida. Ila usiandike posti moja kwa moja kwenye kisanduku. Umeme umekatika, mtandao umeyumba, aya zako nne hizo zimekwenda na maji. Mimi naandika kwenye programu ya madokezo ya simu kisha nanakili. Posti moja inanichukua kama dakika 20, mara nyingi kwenye daladala. Na namba yako ya simu mpe unayemjua. Watu wengi ni waungwana lakini wote hujawaona uso.

Mchezo wa nne ni wetu, kwa Kiswahili, kwenye kundi la Telegram, na mimi ndiye mwendesha. Nilidhani itakuwa kazi kupata maneno. Kumbe kazi ni kuwazuia wachezaji. Kisa ni cha mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, unaotoka Kilwa kwenda Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, kutafuta dhahabu, ukisukumwa na kaskazi, miaka michache baada ya msafiri Ibn Battuta wa Morocco kupita Kilwa mwaka 1331. Nahodha ni rafiki yangu wa Mombasa, naye anamchezesha kwa Kimvita. "Twafuata ndia ya mtanga," akaamuru, yaani njia ya mchanga. Binamu, ambaye mhusika wake ni baharia mwizi kutoka bara, akajibu papo hapo: "Nahodha, huyo ndia ni samaki wa aina gani?" Ugomvi uliotoka hapo ulichukua siku tatu na haukuwa kwenye mpango wangu. Nauhesabu kuwa sehemu bora ya hadithi mpaka sasa.

Kanuni tumezipunguza. Tunatumia kidadu cha Telegram chenyewe, ambacho kinajirusha na hakuna wa kukichagulia namba. Unatuma viwili: jumla ya 10 kwenda juu, umefanikiwa, 7 hadi 9, umefanikiwa lakini kuna gharama, 6 kushuka, tuombeane. Ukipiga hesabu, kati ya mitupo 36 inayowezekana ni 6 tu ya mafanikio yasiyo na doa, 15 ina gharama na 15 ni balaa, na ndiyo maana chombo chetu hakijawahi kutulia. Nikitaka kumsaidia mtu sishushi namba. Naandika hali vizuri ili asilazimike kurusha.

Mchezaji wetu wa tatu ni dada aliyeko Muscat, anayemchezesha Bi Rehema, mfanyabiashara wa shanga mwenye siri ambayo hata mimi hajanieleza yote. Hajaandika tangu juzi. Makubaliano yetu ni saa 48, baada ya hapo mwendesha anamsogeza mhusika kwa niaba, na zinaisha leo saa mbili usiku, kwake saa tatu. Aliniachia sharti moja kwa siku kama hizi: "Nikichelewa, Bi Rehema amelala, na mtu asimguse." Ningeliheshimu bila tatizo, ila jana nahodha alirusha akapata 4, mtepe umeanza kuingiza maji, na kamba iliyokatika iko chini ya mkeka anaolalia Bi Rehema.