Manga za mapenzi ya wanaume: uanze na ipi?

Ukinunua manga hizi, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, kwa kutazama jalada tu, utapigwa. Karibu zote zina vijana wawili warembo wanaotazamana. Ukifungua, moja ni ya mapishi na nyingine hutaki mtu akukute nayo. Chagua aina kwanza, kitabu baadaye.

Kwangu namba moja ni hadithi za watu wazima wanaoishi pamoja. What Did You Eat Yesterday? ya Fumi Yoshinaga ilianza 2007 katika Morning, jarida la wanaume watu wazima wala si la mapenzi. Wakili mbahili anarudi nyumbani, anampikia mpenzi wake anayefanya kazi saluni, na mapishi yameelezwa kiasi kwamba unaweza kuyajaribu. Tatizo, juzuu zimepita 20. Mfuko ukiwa mwepesi, chukua My Brother's Husband ya Gengoroh Tagame: Mkanada anafika Japani kwa pacha wa marehemu mume wake, na kwa Kiingereza imeisha kwa juzuu mbili tu. Ila angalia: Tagame huyo ndiye jina kubwa la manga kali za ngono za watu wazima, zile Wajapani wanazoziita bara. Usibebe kitabu chake kingine ukidhani kinafanana na hiki.

Namba mbili, BL (Boys' Love, yaani mapenzi ya wavulana) ya shuleni. Doukyusei ya Asumiko Nakamura inaanza na mwanafunzi kumfundisha mwenzake wimbo wa mashindano ya kwaya. Ina michoro myembamba, maneno machache, na juzuu la kwanza linajitosheleza.

Tatu, shonen-ai, jina la zamani la hadithi za mapenzi ya wavulana, ya miaka ya 1970. The Heart of Thomas ya Moto Hagio (1974), iliyowekwa katika bweni la wavulana Ujerumani, ina machozi mengi. Toleo la Kiingereza ni pande la kitabu lenye jalada gumu, linunue ukishanogewa.

Yaoi naiweka ya nne. Jina lenyewe lilikuwa mzaha wa wachoraji waliojichapishia: hakuna kilele, hakuna hitimisho, hakuna maana. Wajapani siku hizi husema BL, lakini nje ya Japani neno yaoi mara nyingi huashiria zenye ngono. Kabla ya kununua, tazama kama ina alama ya 18, yaani ya watu wazima tu.

Omegaverse, ambako wanaume hugawanywa alfa, beta na omega na wengine hubeba mimba, iache mwisho. Waandishi wake hudhani sheria za ulimwengu huo unazijua tayari. Kama huzijui, azima kwanza.