Ekseli nzima au mfumo wa Jaguar: nyuma ya pikapu kufungwe nini?

Kwa mzigo, sibishani na mtu: ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu yote mawili ya nyuma, inashinda. Springi zake za bapa hubeba uzito na papo hapo huishikilia ekseli mahali pake. Bushi (vipande vya mpira kwenye maungio) zikilika, unabadilisha, basi.

Pikapu ikiwa tupu mambo yanageuka. Mfumo ulioanza na Jaguar E-Type mwaka 1961 umeifunga difu (gia inayogawia magurudumu ya nyuma nguvu) juu kwenye fremu, haichezi na magurudumu, na kila gurudumu linapanda na kushuka kivyake. Kwenye kona yenye mashimo mkia unatulia. Ekseli nzima ingerukaruka.

Utunzaji wa mfumo huo ndio unaonitia wasiwasi. Disiki za breki zimekaa ubavuni mwa difu, si kwenye gurudumu, kwa hiyo joto lake huunguza sili zinazozuia mafuta ya difu, yakavuja hadi kwenye pedi. Tena shafti inayozungusha gurudumu ndiyo pia mkono wa juu unaolishikilia: jointi ikilegea, na gurudumu linalegea.

Gharama kubwa ya kuufunga ni kuchomelea mabano yake kwenye chasisi. Mabano yakikaa upande, matairi yataliwa upesi.

Unabeba mizigo kila siku? Iache ekseli yako. Pikapu ni ya kutembelea na fundi wako anapima kwa makini? Funga wa Jaguar.