Kwa mashua ya tanga kutoka Mwanza hadi Ukerewe: nahodha hodari, ofisi isiyojali watoto

Naandika nikiwa bado na hasira, ingawa majuma kadhaa yamepita tangu turudi. Kampuni iliyotukodishia mashua sitaitaja jina. Ninachotaka ni kwamba mzazi yeyote anayefikiria kuvuka Ziwa Victoria kwa tanga pamoja na watoto ajue jambo la kuuliza kabla hajatoa hata shilingi, na ajue ni jibu gani akilisikia achukue mizigo yake aondoke.

Tulisafiri katika likizo ya shule ya katikati ya mwaka, mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto wetu wawili, ambao mdogo wao hajaanza hata shule ya awali. Kwa simu nilikuwa nimeuliza zaidi ya mara moja kuhusu majaketi okozi, nikahakikishiwa kwamba yapo ya kila umri. Tulifika ufukweni kabla jua halijachomoza, kama tulivyoelekezwa, tukaletewa rundo la majaketi, yote ya watu wazima. Mke wangu alipouliza ya watoto yako wapi, msimamizi wa ofisi, kijana aliyekuwa akibonyeza simu muda wote, alimjibu bila kuinua macho: "Mama, mtoto anashikwa. Wewe mshike tu mtoto wako."

Maneno hayo sijaweza kuyameza mpaka leo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na mamia ya watu wakafa, na pale Igoma, jijini Mwanza, makaburi yao yapo. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, wakafa watu zaidi ya 220 huku nchi kavu ikionekana mbele yao. Ukara hiyo hiyo ilikuwa ndani ya safari tuliyoilipia. Mtu anayeishi Mwanza, anayekula kwa kuvusha watu ziwani, anathubutu vipi kumwambia mama kwamba mtoto anashikwa? Chombo kikipinduka, mikono ya mzazi nayo inatafuta pa kushika. Kumvalisha mtoto jaketi la mtu mzima nako hakusaidii, kwa sababu akiwa majini humpanda hadi masikioni na mwili ukachopoka kwa chini. La mtoto huchaguliwa kwa kufuata uzito wake, na linafaa liwe na mkanda unaopita katikati ya mapaja ili lisipande.

Tulikataa kupanda. Aliyehangaika ni nahodha, mzee wa Kikerewe, aliyeshuka na kwenda kuazima kwa wenye mashua wengine, wakati yule kijana amebaki na simu yake. Mzee alirudi na majaketi mawili madogo, mazuri kabisa, lakini jua lilikuwa limekwisha kupanda.

Asiyejua tanga atasema kuchelewa kidogo si kitu, nami napinga kwa nguvu zote. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo hadi asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na huo ndio unaoitoa mashua katika ghuba ya Mwanza na kuisukuma kaskazini. Nchi kavu ikishapata joto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani. Tulipong'oa nanga ule wa asubuhi ulikuwa unakufa, na kabla ya adhuhuri tukawa tunakwenda mbisho, mara upande huu mara upande ule, mawimbi yakitupiga usoni, mama yangu akitapika na watoto wakilia, hata tukaingia Nansio, mji wa bandari wa Ukerewe, giza limekwisha tanda, ilhali tulitarajia kufika mchana. Mama alihitaji kupumzika, ratiba ikavurugika, na siku ya Ukara ikafutwa. Watoto hawakuliona lile jiwe la huko Ukara linalosifika kwa kucheza, ambalo walikuwa wakiliulizia tangu tukiwa nyumbani.

Hata hivyo, nikimkumbuka nahodha moyo unalainika. Watoto walimwita Babu tangu saa ya kwanza, naye aliwaita wajukuu na kumruhusu mkubwa ashike usukani palipokuwa shwari, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mtoto. Aliwakataza kuoga penye matete, akawaeleza habari za konokono na kichocho kwa upole ambao walimu wengi hawana. Jioni moja nilimhimiza tuondoke Nansio, akatazama mawingu kisha akakataa katakata, akisema usiku radi hukusanyika juu ya maji ya katikati na yeye hawezi kupeleka watoto huko. Usiku ule ule tulizisikia. Wakati wa kurudi aliusubiri upepo wa mchana, ule uliotutesa tulipokuwa tukienda, sasa ukiwa nyuma yetu, tanga limejaa, mashua imetulia, mama yangu amekaa akila sato aliyebaki na ugali wa muhogo kama yuko barazani kwake. Sijawahi kuifurahia familia yangu kiasi hicho. Laiti ningeandika saa ile, ningemwambia kila mtu aende.

Tulipotia nanga Mwanza nikaenda ofisini kudai fedha za siku ya Ukara. Kijana alikuwa pale pale. Akaniambia, "Mzee, upepo ni wa Mungu." Upepo ni wa Mungu, sikatai, lakini majaketi ni yao na saa ya kuondoka waliipanga wao! Nilitoka nje nikitetemeka, na yote niliyokuwa nimekwisha kusamehe yakarudi.

Kwa hiyo siwashauri muende na kampuni ya namna hiyo. Au niseme hivi: nendeni, lakini kila mtoto avalishwe jaketi lake mbele ya macho yenu kabla fedha haijatoka mfukoni, na mzungumze na nahodha mwenyewe badala ya ofisi. Mke wangu amekwisha kununua majaketi ya watoto na anataka turudi na mzee yule yule, hata kama bado ameajiriwa pale. Mimi sitaki wapate shilingi yangu nyingine. Hatujakubaliana, na fedha za Ukara bado nazidai.