Breki ngumu, injini ngumu kuwaka: ununue nini kwanza kwa gari la zamani?

Kwenye gari la petroli lenye kabureta, pedali ya breki ikiwa ngumu na injini ikasumbua kuwaka, usikimbilie busta (kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu ya kufunga breki). Mara nyingi chanzo ni kimoja: hewa inapenya kwenye njia ya vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini unaoendesha busta. Busta inakosa nguvu, na hewa hiyohiyo inaingia kwenye manifoldi (bomba linalopeleka hewa na petroli ndani ya injini) na kuzidi petroli.

Pima kabla ya kutoa pesa. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara 5 mpaka iwe ngumu, usiiachie, kisha washa. Pedali ikizama kidogo, busta ni nzima. Isipozama, bana mpira unaotoka manifoldi kwenda busta: injini ikitulia papo hapo, uvujaji uko kati ya pale ulipobana na busta.

Nafasi ya kwanza: mpira na valvu ya njia moja. Ni vya bei ndogo, na huharibika mapema. Dai mpira mnene wa vakyumu. Wa petroli au wa hita hujibana ukipata joto, na fundi ataapa busta imekufa. Valvu ipulize kwa mdomo: hewa ipite kutoka busta kwenda injini tu.

Ya pili: busta yako yenyewe, ifunguliwe na kuwekewa utando mpya wa mpira wa ndani. Bodi yake ya zamani inakaa sawasawa mahali pake. Ya tatu ni busta mpya. Linganisha kipenyo, bolti na hasa fimbo inayosukuma masta silinda (pampu ya mafuta ya breki iliyofungwa mbele ya busta). Ikizidi urefu, breki zitabaki zimeshika. Mtumba ni wa mwisho: mpira wake una umri uleule wa wako.

Lakini kwanza legeza masta silinda uchungulie nyuma yake. Ukikuta mafuta ya breki, nunua sili zake pia, la sivyo yataila busta mpya.

Pampu ya vakyumu ya umeme? Ni kwa injini yenye vakyumu haba tu. Injini nzima hutoa vakyumu ya inchi 17 hadi 22 za zebaki kwenye geji, usawa wa bahari, na hupungua takriban inchi 1 kila mita 300. Kwa hiyo Nairobi, inchi 13 si ugonjwa.

Dizeli kama Land Cruiser BJ40 ni habari nyingine: vakyumu hutoka kwenye pampu iliyo nyuma ya altaneta. Hapo breki ngumu nunulia pampu; kugoma kuwaka, anzia hita plagi (plagi zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka).