Maji ya Kujazia kwa Ajili ya Bia ya Nyumbani: Tathmini ya Duka Moja la Tabata

Duka ninalolitathmini liko Tabata, Dar es Salaam, na biashara yake ni moja tu: kusafisha maji na kuyajaza kwenye madumu ya lita 20, ambayo mteja huja nayo mwenyewe au huazimwa kwa kuacha amana. Wateja wengi huchukua maji ya kunywa. Mimi huyachukua kwa ajili ya kupika bia nyumbani, na nimeyapima kwa jicho hilo, kwa kuwa maji yanayokata kiu vizuri si lazima yawe yanayokifaa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa ambayo bia hupikwa kwayo.

Anayepika bia katika jiji hili huwa na njia kadhaa za kupata maji. Boza naliweka kando mapema, kwani leo linaweza kuleta maji ya bomba na kesho ya kisima, ilhali mpishi wa bia anahitaji maji yasiyobadilika ili ajue ladha aliyoipata imetokana na nini. Maji ya chupa yenye nembo ya TBS hayana ubaya wowote, isipokuwa gharama yake kwa mapishi ya lita 20, ambayo kwa kawaida hutaka maji zaidi ya lita 30, haina maana.

Kisima kinastahili maelezo zaidi, kwa sababu nyumba nyingi zinacho na maji yake huonekana kuwa ya bure. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, hasa vile vya karibu na pwani, ambako maji baridi yakivutwa kupita kiasi maji ya bahari husogea chini ya ardhi na kuchukua nafasi yake. Wapo wanaoamini kwamba kuchemsha kutaiondoa chumvi hiyo. Bia huchemshwa kwa takriban saa nzima, mvuke huondoka na chumvi hubaki, hivyo kinachoshuka sufuriani huwa kimekolea chumvi kuliko kilichopanda jikoni.

Maji ya bomba ya DAWASA, ambayo sehemu kubwa hutoka mto Ruvu, yana kasoro ya aina nyingine. Yametiwa klorini, kama inavyopasa, na klorini hiyo ikikutana na fenoli, kemikali za asili za kimea, huzaa klorofenoli, ambazo kiasi kidogo sana huipa bia harufu ya dawa ya hospitalini. Kuchemsha, au kuyaacha maji usiku kucha kwenye ndoo isiyofunikwa kwa kifuniko bali kwa kitambaa safi, huiondoa klorini. Tatizo huja pale mtu anapoongezea maji mabichi ya bomba mwishoni ili kufikisha ujazo.

Mashine ya RO ya duka hili, inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, huyamaliza matatizo yote mawili kwa pamoja: chujio la mkaa hunasa klorini, na utando wake huzuia chumvi. Muuzaji hakuficha kwamba maji yake hutoka kwenye kisima kilicho nyuma ya duka. Niliomba maji kidogo kabla hayajaingia kwenye mashine, nikatumbukiza kipimo cha TDS, nacho kikasoma zaidi ya 1,500, yaani miligramu za madini yaliyoyeyuka katika kila lita. Kwenye mfereji wa kujazia kilisoma 28. Kwa kisima cha uswahilini, sikutarajia matokeo mazuri kiasi hicho.

Hata hivyo, maji matupu namna hiyo hayafai kutumika yalivyo. Kimea kinahitaji kalisi (kalsiamu) ili uji wake, yaani mchanganyiko wa kimea na maji ya moto, ushuke hadi pH (kipimo cha uasidi) ya kati ya 5.2 na 5.6, ambapo vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari hufanya kazi vizuri, na chachu nayo huihitaji ili itulie chini na kuiacha bia ikiwa angavu. Gramu 2 za jasi na gramu 2 za kalsiamu kloridi, zote za daraja la chakula, zikiyeyushwa katika lita 20 hufikisha kalisi kwenye takriban miligramu 50 kwa lita. Anayependa uchungu mkavu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, kama wa bia za Burton upon Trent nchini Uingereza ambako maji yana jasi nyingi, aongeze jasi. Anayetaka bia nyepesi ya dhahabu, ya mtindo ulioanzia Plzeň mwaka 1842, asizidishe chochote, kwani maji ya mji huo ni laini mno, yaani yana madini machache. Jasi ya fundi wa dari isikaribie sufuria.

Huduma yenyewe ina mapungufu. Madumu huoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa haraka. Niliwahi kupokea moja lenye povu dogo shingoni, na mabaki ya sabuni huua povu la bia kwenye glasi. Sasa huenda na madumu yangu. Hakuna daftari linaloonyesha utando ulibadilishwa lini, na utando uliochakaa hupitisha chumvi bila maji kubadilika rangi, kwa hiyo kila ninapokwenda hupima kabla ya kulipa. Kijana wa guta hufikisha madumu mlangoni kwa nyongeza ndogo, lakini huyaacha juani akisubiri mzigo ujae, jambo ambalo nimemwomba mwenye duka alirekebishe.

Kwa bia za rangi ya dhahabu na zile za hopsi nyingi, nitaendelea kununua hapo. Kwa bia nyeusi silipi hela ya dumu: kimea kilichokaangwa huja na asidi yake na ladha nzito, na maji ya bomba yaliyolala usiku kwenye ndoo yanatosha.