Kinyozi wa Birere na shingo yenye vipele

Kwa mwenye ndevu za kipilipili, saluni hii ndogo ya Birere, hapa Goma, inafaa kuliko nyingi zenye vioo vikubwa. Kinyozi haanzi na wembe. Anakuwekea taulo ya maji moto shingoni dakika 5, kisha anapitisha mashini kufuata ndevu zinakolalia, bila kuvuta ngozi, akiacha kama milimita 1. Unywele uliokatwa chini ya usawa wa ngozi hujikunja ukachoma nyama, kipele kikavimba. Chini ya taya ndevu hugeuka upande, naye huzipapasa kwanza kwa kidole.

Meno ya mashini huyapiga mswaki, halafu huyafuta kwa alkoholi ya asilimia 70 mbele yako. Safi kabisa.

Kasoro ni moja, tena kubwa: unywele uliojikunja anaung'oa kwa kibano. Mkatalie! Ncha yake iinuliwe tu kwa sindano safi. Ukiung'oa, unaochipuka waweza kutoboa ndani kwa ndani. Krimu ya kung'arisha anayouza iache pia. Nunua duka la dawa losheni ya asidi salisiliki ya asilimia 2, upake usiku. Vipele vikitoa usaha, usinyoe, mwone daktari.