Instant Family: mtacheka ila walezi mtajiona humo

Kama hujaiona hii muvi itafute, ya 2018, Mark Wahlberg na Rose Byrne humo ni mtu na mkewe, kazi yao kununua nyumba chakavu wanakarabati wanauza, watoto hawana, ndo wanaamua wachukue wa kulea kupitia ustawi wa jamii. Wakajikuta na watatu kwa mpigo, ndugu wa tumbo moja. Lizzy miaka 15 na mdomo juu, Juan anaomba msamaha hata kwa kosa lisilo lake, na kitindamimba Lita anayetaka kripsi tu kila mlo, mnyime uone hiyo vita mezani, nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Mwongozaji Sean Anders mwenyewe kalea watoto watatu ndugu na mkewe, na inaonekana, maana harembi mambo. Siku za mwanzo watoto wametulia, wazazi wanaenda kikundi cha walezi wenzao kujisifu, wenzao wanaangua kicheko tu, wanajua kinachokuja. Halafu kuna ile sehemu mtu na mkewe wako kitandani wanajadili watawarudishaje hawa watoto bila kuonekana wabaya. Huku Tanga nani hajalea mtoto wa dada au wa marehemu kaka, Ngamiani yote hii nyumba zimejaa, ila thubutu useme umechoka, mawifi watakukalia kikao. Hawa wamesema. Tofauti ni kwamba sisi tunaletewa mtoto na begi lake jioni basi, wao wanapitishwa darasani kwanza. Na kwetu utaratibu upo, malezi ya kambo yamo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, unaanzia kwa afisa ustawi wa jamii, sema wengi hatuendi.

Nilichopenda zaidi mama mzazi hajafanywa shetani, katoka jela anawataka wanawe na Lizzy bado anampenda, sasa mlezi unamchukiaje hapo? Mwisho siyamwagi, ila wameweka sukari nyingi mno, kidogo inipe kichefuchefu.

Octavia Spencer na Tig Notaro, maafisa wa ustawi, hao wawili wangepewa muvi yao.

Angalizo, msichukue iliyotafsiriwa na madijei, mimi nilipewa hiyo kwenye flashi kibandani, jamaa anaongea juu ya kila utani, nikairudisha nikatafuta yenye sauti yake. Na matusi yamo, wadogo walale kwanza. Nane kwa kumi.